Soma Kibandiko Kabla ya Kulipa

UFUNDI KIJIJINI

Siku hizi kompyuta si kitu cha mjini tu. Utaikuta katika ofisi ya chama cha msingi cha ushirika. Utaikuta katika shule ya sekondari ya kata na katika zahanati. Nyingi ya kompyuta hizo si mpya. Zimefanya kazi miaka mingi mahali pengine kabla ya kuletwa kwetu. Hilo si jambo la aibu. Jembe la zamani lenye mpini imara bado linalima.

Lakini kompyuta ya zamani huwa na uzito wake. Karani anafungua orodha ya wakulima, kisha anasubiri. Anafungua hesabu za mizani, anasubiri tena. Mkulima aliyeleta mazao yake anasimama kwenye foleni, na jua ni kali. Ndipo mtu mmoja husema: "Tuiongezee kumbukumbu."

Shauri hilo mara nyingi ni jema. Kuongeza kumbukumbu ni rahisi kuliko kununua kompyuta nyingine. Tatizo huja baadaye. Fedha za chama zimetolewa. Vipande vimenunuliwa mjini. Vimechomekwa. Kompyuta inawashwa, feni inazunguka, lakini kioo ni cheusi. Mashine inalia pii, pii, pii. Wanachama wanaanza kunong'ona: "Fedha zetu zimekwenda wapi?" Karani anatiliwa shaka. Na fundi wa kwanza anayeitwa anasema: "Hii imekufa. Nunueni nyingine."

Je, imekufa kweli? Mara nyingi haijafa. Mwezi huu tutaeleza jinsi ya kutafuta ugonjwa wake hatua kwa hatua. Utaona kwamba chombo kikubwa katika kazi hii si bisibisi. Ni kujua kusoma.

KUMBUKUMBU NI NINI?

Ndani ya kompyuta mna mahali pawili pa kuweka habari. Mahali pa kwanza ni diski. Diski ni kama ghala. Umeme ukikatika, vilivyomo ghalani havipotei.

Mahali pa pili ni kumbukumbu ya kazi. Mafundi huiita ramu. Ramu ni kama meza ya karani. Karani akitaka kufanya kazi, hutoa daftari ghalani na kuliweka mezani. Umeme ukikatika, meza hufutwa. Ndiyo maana kazi ambayo hujaihifadhi hupotea.

Meza ikiwa ndogo, karani hawezi kuweka madaftari mengi. Kila mara analazimika kurudisha moja ghalani ili alete jingine. Miguu inachoka na kazi inachelewa. Kompyuta yenye ramu ndogo iko hivyohivyo. Taa ya diski huwaka bila kupumzika, na wewe unasubiri.

Ukubwa wa ramu hupimwa kwa gigabaiti. Kwa kifupi huandikwa GB. Ramu ya GB 4 ni meza kubwa mara mbili kuliko ramu ya GB 2.

Kwa kutazama, ramu ni kipande chembamba cha bodi, kirefu kama kiganja cha mkono. Ukingo wake mmoja una meno mengi ya rangi ya dhahabu. Juu yake zimepangwa chipu nyeusi za umbo la mraba au mstatili. Kipande hicho huchomekwa katika mfereji wa plastiki ulioko kwenye bodi kuu ya kompyuta. Mfereji huo mafundi huuita sloti.

TUCHUKUE MFANO

Tuseme chama kimoja cha msingi kina kompyuta ya mezani iliyotengenezwa mwaka 2009. Ndani yake mna ramu mbili za GB 1. Jumla ni GB 2. Kamati imekubali zinunuliwe ramu mbili za GB 4 ili jumla iwe GB 8.

Tukifuate chama hiki tangu mwanzo. Tuone wapi pana mitego.

KWANZA, LINDENI HESABU

Kabla ya kufungua kompyuta, nakili hesabu zote kwenye flashi. Hesabu muhimu zichapishwe kwenye karatasi. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kompyuta ni daftari pia. Usilifanyie matengenezo daftari ambalo ndilo la pekee.

PILI, SOMENI KIBANDIKO

Makosa mengi ya kuongeza ramu hufanyika dukani, kabla bisibisi haijaguswa. Mtu huenda dukani akasema, "Nipe ramu ya GB 4." Muuzaji humpa. Lakini ramu ni kama spea za baiskeli. Si kila tairi huingia katika kila gurudumu.

Kwa hiyo, zima kompyuta, toa ramu moja ya zamani, na uisome. Nyingi zina kibandiko cha karatasi chenye herufi na namba. Mfano ni huu:

1GB 1Rx8 PC3-10600U

Usiogope. Tutasoma pamoja, neno moja moja.

"1GB" ni ukubwa wake. Hilo umelijua.

"PC3" ni kizazi chake. Namba 3 inaonyesha kwamba ni ramu ya kizazi cha tatu. Kizazi hicho huitwa DDR3, na kilianza kuuzwa mwaka 2007. Ukiona PC2, hiyo ni DDR2, iliyotangulia. Ukiona PC4, hiyo ni DDR4, iliyoanza kutumika mwaka 2014. Vizazi havichanganyiki. Bodi ya DDR3 haipokei DDR2 wala DDR4. Kila kizazi hutumia nguvu yake ya umeme. DDR2 hutumia volti 1.8, DDR3 volti 1.5, na DDR4 volti 1.2. Watengenezaji waliweka pengo dogo kati ya meno ya dhahabu, na kila kizazi pengo lake liko mahali pake. Hii ni kinga. Ramu isiyo ya bodi yako haitakaa. Ukiona haikai, usiipige wala usiilazimishe.

"10600" ni namba ya mwendo. Namba kubwa ni mwendo mkubwa. Ukichanganya ramu za mwendo tofauti, kwa kawaida zote zitakwenda kwa mwendo wa ile ya polepole, kama watu wanaotembea pamoja na mzee wao. Hilo si kosa kubwa.

"U" ni herufi moja tu, lakini ina maana kubwa. U ni ramu ya kawaida ya kompyuta ya mezani. Ukiona S, hiyo ni ramu fupi ya kompyuta za kupakata. Ukiona R, hiyo ni ramu ya kompyuta kubwa za kuhudumia nyingine, zinazoitwa seva. Ramu za R zilizotumika huuzwa kwa bei nafuu, nazo ni ndefu kama zile za U. Mtu huziona, hufurahi, hununua. Akizichomeka katika kompyuta ya kawaida ya mezani, kompyuta haiwaki. Herufi moja imekula fedha za chama.

MAGUNIA MAKUBWA NA MADOGO

Sasa tumebakiwa na "1Rx8". Hapa ndipo hata mafundi wengine hukwama.

Namba iliyo kabla ya R inaeleza chipu zimepangwa katika makundi mangapi. Katika ramu ya kawaida yenye alama x8, kila kundi lina chipu 8. Basi 1Rx8 ina chipu 8. Na 2Rx8 ina chipu 16, yaani 8 kila upande.

Kwa nini tujali? Fikiri juu ya magunia. Unaweza kupakia kilo 800 katika magunia 16 ya kilo 50. Unaweza pia kuzipakia katika magunia 8 ya kilo 100. Uzito wote ni sawa. Lakini mchukuzi mzee aliyezoea kilo 50 hawezi kunyanyua gunia la kilo 100.

Bodi za zamani ndivyo zilivyo. Bodi nyingi za DDR3 zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2011 hukubali ramu ya GB 4 yenye chipu 16. Ukizipa ramu ya GB 4 yenye chipu 8, zinashindwa. Kila chipu imebeba mara mbili ya kile bodi ilichofundishwa kunyanyua. Ramu ni nzima na bodi ni nzima, ila haziwezani.

Kwa hiyo, kwa kompyuta ya mwaka 2009, tafuta kibandiko cha "4GB 2Rx8 PC3" chenye herufi U mwishoni mwa namba ya mwendo. Kisha hesabu chipu kwa kidole pande zote mbili. Zikiwa 16, umepata.

Wako wauzaji wa ramu za DDR2 za GB 4 ambazo hufanya kazi na bodi za AMD tu. Bei yake huvutia. Kama bodi yako ni ya Intel, ziache.

Angalia pia kiasi cha mwisho ambacho bodi yako inakubali. Kitabu cha mtengenezaji hueleza. Andika namba ya muundo wa kompyuta kama ilivyo kwenye kasha lake, kisha mwombe mtu mwenye intaneti akutafutie. Bodi ikisema mwisho ni GB 4, usinunue GB 8.

Unapokwenda dukani chukua ramu ya zamani kama mfano, au nakili kibandiko chake kwenye karatasi. Dai risiti, na iandikwe aina kamili ya ramu. Kubaliana na muuzaji kwamba ikikataa utairudisha. Maneno ya mdomoni husahaulika upesi.

TATU, FUNGUENI KWA UANGALIFU

Zima kompyuta. Chomoa waya wa umeme ukutani. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda mfupi ili umeme uliobaki ndani uishe.

Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa ramu. Mwili wa mtu huweza kubeba umeme wa msuguano, hasa ukivaa nguo za nailoni. Wewe huusikii, lakini unaweza kuua chipu. Shika ramu kwa kingo zake. Usiguse meno ya dhahabu.

Usifungue kisanduku cha chuma kinachopokea umeme. Umeme wa hatari hubaki ndani yake hata baada ya kuchomoa waya.

Ondoa vumbi kwa brashi laini na kavu. Vumbi la kijijini ni jingi, na huingia ndani ya sloti.

Sasa chomeka ramu. Fungua vibanio vya ncha za sloti. Linganisha pengo la ramu na kigingi kidogo kilicho ndani ya sloti. Kandamiza ncha zote mbili kwa nguvu iliyo sawa mpaka vibanio vijifunge vyenyewe. Utasikia "ta!" Watu wengi huishia nusu kwa kuogopa kuvunja. Ramu iliyokaa nusu ni sababu ya kawaida sana ya kioo cheusi.

Soma pia maandishi yaliyo kwenye bodi kando ya sloti. Nyingi zimeandikwa namba, kama DIMM1, DIMM2 na kuendelea. Anza na namba 1. Kama sloti zina rangi, ramu mbili zinazofanana ziwekwe katika sloti za rangi moja, isipokuwa kitabu cha kompyuta kinasema vingine.

NNE, HAIWAKI! TUFANYE NINI?

Turudi kwa chama chetu. Ramu mbili mpya zimechomekwa. Kioo ni cheusi na mashine inalia. Mlio huo si laana. Ni kompyuta inasema. Idadi ya milio na maana yake hutofautiana kwa kila mtengenezaji. Kompyuta nyingine hazilii, bali huwasha taa ndogo zenye namba. Hesabu milio au andika namba za taa, halafu tazama kitabu chake. Lakini hata bila kitabu unaweza kuendelea.

Kanuni ni moja: badili kitu kimoja tu kila mara. Ukibadili vitu vitatu kwa pamoja na kompyuta ikawaka, hutajua ni kipi kilichoiponya. Ikikataa, hutajua ni kipi kilichoiua. Na kila unapotoa au kuchomeka ramu, chomoa kwanza waya wa umeme.

Hatua ya 1. Rudisha ramu za zamani kama zilivyokuwa. Washa. Ikiwaka, umepata jibu kubwa: kompyuta haijafa. Mtu asiwaambie mnunue nyingine. Shaka sasa imehamia kwenye ramu mpya.

Hatua ya 2. Kama hata na ramu za zamani haiwaki, bado usikate tamaa. Mlipokuwa mnaifungua, huenda waya umeguswa ukalegea. Kagua nyaya zote zinazoingia kwenye bodi kuu, pamoja na ule mdogo ulio karibu na feni kubwa. Chomoa ramu na uichomeke tena kwa nguvu ya kutosha. Safisha meno yake kwa kifutio cha penseli kilicho safi, taratibu, ukiwa mbali na kompyuta. Pangusa mabaki yote kabla ya kuirudisha.

Hatua ya 3. Ramu za zamani zikiwaka, zitoe. Chomeka ramu moja tu kati ya zile mpya, katika sloti ya kwanza. Washa. Kisha itoe na ujaribu ya pili, peke yake, katika sloti ileile. Andika matokeo kwenye karatasi.

Hatua ya 4. Ramu inayokataa ijaribu katika sloti nyingine. Ikikataa kila sloti, ramu hiyo ni mbovu au haifai kwa bodi yako. Lakini ramu inayojulikana kuwa nzima ikikataa sloti moja na kukubali nyingine, basi sloti ndiyo mbovu au ina uchafu.

Hatua ya 5. Kila moja ikiwaka peke yake lakini zikikataa kuwa pamoja, futa mipangilio ya zamani ya bodi. Chomoa umeme. Toa betri ya mviringo iliyo kwenye bodi. Inafanana na sarafu, na nyingi zimeandikwa CR2032. Subiri dakika 5, kisha irudishe. Baada ya hapo sahihisha tarehe na saa. Usisahau hilo. Kompyuta yenye tarehe ya uongo itaandika tarehe ya uongo kwenye stakabadhi za wakulima.

Chama chetu kilifuata hatua hizo. Ramu za zamani ziliwaka. Ramu mpya ya kwanza ilikataa kila sloti. Ramu mpya ya pili iliwaka. Karani akaweka ramu zote mbili mezani, akasoma vibandiko. Moja iliandikwa 2Rx8. Nyingine iliandikwa 1Rx8. Akahesabu chipu. Moja ilikuwa na 16, nyingine 8. Muuzaji alikuwa ametoa gunia dogo moja na gunia kubwa moja.

Karani akaenda dukani na risiti. Ile ya chipu 8 ikabadilishwa kwa ya chipu 16. Hakuna aliyekuwa mwizi, na hakuna kompyuta iliyokuwa imekufa.

TANO, INAWAKA, LAKINI KIASI HAKITOSHI

Sasa kompyuta inawaka. Huenda ikasimama mwanzoni na kuonyesha maandishi kwamba kiasi cha ramu kimebadilika. Usishtuke. Inakutaka ukubali tu. Soma maandishi hayo, nayo yatakuonyesha kitufe cha kubonyeza.

Lakini karani anatazama na kuona GB 3 na kidogo tu, wakati ramu zilizomo ni GB 8. Je, tumeibiwa tena?

Hapana. Tazama kwanza programu kuu ya kompyuta, kama vile Windows. Ziko za aina mbili: ya biti 32 na ya biti 64. Ile ya biti 32 ya kompyuta za kawaida haiwezi kuhesabu kupita GB 4, na sehemu ya hizo hutengwa kwa kazi nyingine za mashine. Ndiyo maana hubaki GB 3 na kidogo. Ni kama mtu anayejua kuhesabu hadi mia. Ukimpa machungwa mia mbili, mengine hatayahesabu.

Dawa yake ni kuweka programu ya biti 64, ikiwa prosesa ya kompyuta inakubali. Kazi hiyo huweza kufuta vilivyomo kwenye diski, kwa hiyo ifanywe na mtu anayeijua. Hapo ile nakala ya kwenye flashi itakuwa na thamani yake.

Ili kujua kosa liko kwenye ramu au kwenye programu, ingia katika mipangilio ya bodi, ambayo mafundi huiita bayosi. Bayosi ikionyesha GB 8, ramu zote zimeonekana. Ikionyesha GB 4, basi ramu moja haikukaa vizuri. Rudi hatua ya 3.

SITA, RAMU INAYOSEMA UONGO

Tumefika mahali pa hatari zaidi. Ramu inayokataa kuwaka ni mbaya, lakini angalau inakataa wazi. Iko ramu mbaya kuliko hiyo. Ni ile inayowaka, inafanya kazi, lakini inasahau kidogo.

Karani anaandika kilo 482. Ramu mbovu inaweza kubadili tarakimu moja. Kompyuta inahifadhi namba iliyoharibika, na hakuna mlio unaosikika. Mkulima anakuja kulipwa, na hesabu haipatani na karatasi yake ya mizani. Hapo ugomvi unaanza, na kila mtu anaapa kwamba anasema kweli.

Dalili zake ni hizi. Kompyuta hujizima na kujiwasha bila sababu. Kioo hugeuka bluu na kusimama. Programu hufunga ghafla. Majalada yaliyokuwa mazima hukataa kufunguka. Lakini wakati mwingine hakuna dalili hata moja.

Kwa hiyo, baada ya kuongeza ramu, msianze kuingiza hesabu za watu siku hiyohiyo. Ipimeni kwanza. Iko programu ya bure inayoitwa Memtest86+. Huwekwa kwenye flashi, na kompyuta huwashwa kwa kutumia flashi hiyo. Programu huandika na kusoma kila sehemu ya ramu, tena na tena. Iacheni ifanye kazi usiku mzima, kama umeme wenu ni wa kuaminika. Asubuhi mtazame idadi ya makosa. Idadi inayotakiwa ni sifuri. Kosa moja tu linatosha kuikataa. Hapo pimeni ramu moja moja, mpate ile yenye makosa, muirudishe dukani.

Usiku mmoja wa kusubiri si hasara. Msimu mzima wa hesabu mbovu ndio hasara.

JE, RAMU NDIYO ILIYOHITAJIKA?

Neno moja zaidi kwa kamati. Si kila kompyuta nzito inahitaji ramu. Kabla ya kununua, fungueni kazi zenu za kila siku zote kwa pamoja. Kisha mtazame ukurasa unaoonyesha matumizi ya ramu. Kama ramu imejaa, ongezeni. Kama nusu yake haitumiki na bado kompyuta ni nzito, tatizo liko kwingine. Mara nyingi ni diski ya zamani inayozunguka. Kuibadili kwa diski ya SSD kutasaidia zaidi. Wengine huongeza meza wakati mlango wa ghala ndio mbovu.

Kazi ikiisha, andikeni katika daftari la mali ya chama: tarehe, aina ya ramu, kiasi, bei, na jina la aliyefanya kazi. Ramu za zamani msizitupe. Zifungeni kwa karatasi, mziweke kabatini. Siku nyingine kioo kikiwa cheusi, hizo ndizo zitakazowaambia kama kompyuta imekufa au la. Usitupe mbachao kwa msala upitao.

Ndugu msomaji, labda wewe hutagusa kompyuta ya chama maisha yako yote. Lakini fedha iliyonunua ramu hiyo ni yako, na namba za mazao yaliyomo ni zako. Ukiwa mkutanoni unaweza kuuliza maswali matatu. Kibandiko kinasemaje? Imejaribiwa moja moja? Imepimwa kabla ya kuingiza hesabu zetu? Mwanachama anayeuliza hivyo hadanganyiki kwa urahisi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ramu na diski vina tofauti gani?
2. Dukani umeonyeshwa ramu iliyoandikwa "4GB 1Rx8 PC3-12800U". Kompyuta yenu ni ya mwaka 2009 na inatumia DDR3. Je, utanunua? Eleza sababu.
3. Kwa nini turudishe ramu za zamani kabla ya kukubali kwamba kompyuta imekufa?
4. Kompyuta ya kijiji chenu ina nakala ya hesabu zake? Nakala hiyo iko kwa nani?